Maneno ya Dola na Maneno ya Injili: Wakristo wa Kwanza mbele ya Kaisari

Tangu zamani wasomaji wa Agano Jipya wamegawanyika juu ya swali moja: je, Ukristo ulipozaliwa chini ya dola ya Rumi ulikuwa dini ya kutii au dini ya kukinza? Walio upande mmoja hushika sura ya 13 ya waraka wa Paulo kwa Warumi, ambamo kila mtu aagizwa kuitii mamlaka, na waraka wa kwanza wa Petro, ambao wataka mfalme apewe heshima yake. Walio upande wa pili hushika kitabu cha Ufunuo, ambacho chaiita Rumi Babeli na kuitabiria moto. Tangu miaka ya 1990 upande huu wa pili umepata nguvu mpya. Mkusanyo wa makala uliohaririwa na Richard Horsley mwaka 1997 juu ya Paulo na dola ulifuatwa na vitabu vingi, na baadhi yake vilikwenda mbali hata kuona shutuma dhidi ya Kaisari karibu katika kila ukurasa, nyingine zikiwa wazi na nyingine zimefichwa.

Swali hilo, lakini, laulizwa kana kwamba ukinzani ni wa namna moja tu, yaani wa silaha au wa kugoma kulipa kodi. Ushahidi wa lugha waonyesha namna nyingine. Wakristo wa kwanza walilipa kodi, walimwombea mtawala, wala hawakushika upanga. Ila walikataa kumpa Kaisari majina fulani, na kwa majina hayo machache wakakubali kufa. Ukinzani wao ulikuwa wa maneno, na kwa hiyo ni juu ya mwanafunzi wa lugha kuueleza. Jambo hili lamhusu pia msomaji wa Kiswahili, kwa sababu maneno hayo yalipofika katika lugha yake yalifika kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo imeathiri namna anavyokisoma kitabu chenyewe.

Ni vema kuanza na lugha ya dola. Mwaka 42 K.K. baraza kuu la Rumi lilimtangaza Julius Caesar, aliyekwisha kuuawa, kuwa miongoni mwa miungu. Kijana aliyemrithi, ambaye baadaye aliitwa Augusto, akajiita tangu hapo mwana wa aliyefanywa mungu. Katika Kilatini sifa hiyo ilikuwa na kiasi, kwa kuwa lugha hiyo yatofautisha divus, mtu aliyepandishwa daraja ya miungu, na deus, mungu wa asili. Kiyunani hakikuwa na tofauti hiyo. Katika miji ya mashariki, ambako Kiyunani ndiyo iliyokuwa lugha ya soko na ya baraza, sifa hiyo ilitafsiriwa kwa maneno mawili tu, theou huios, yaani mwana wa Mungu. Hivyo tafsiri yenyewe ilimkweza mtawala kuliko lugha yake mwenyewe ilivyothubutu.

Mwaka 9 K.K. baraza la miji ya jimbo la Asia, lililo magharibi ya Uturuki ya leo, lilikubali shauri la mtawala wa jimbo, Paulus Fabius Maximus, kwamba mwaka uanze siku ya kuzaliwa kwake Augusto, tarehe 23 Septemba. Azimio hilo lilichongwa katika mawe na kuwekwa mijini, na nakala iliyo maarufu ilifukuliwa Priene. Ndani yake Augusto aitwa mwokozi. Siku aliyozaliwa yaitwa siku ya kuzaliwa mungu. Na habari zilizoufikia ulimwengu kwa ajili yake zaitwa euangelia, maana yake habari njema. Yapata miaka 75 baadaye, mwaka 67 B.K., mji mdogo wa Akraiphia katika Uyunani ulichonga sifa za Nero na kumwita kyrios, bwana, wa ulimwengu wote. Ziara ya mtawala katika mji iliitwa parousia, na desturi ya raia kutoka nje ya malango wamlaki iliitwa apantesis.

Mtu aliyelisoma Agano Jipya kwa Kiyunani atayatambua maneno hayo mara moja. Marko aanza kitabu chake kwa euangelion na kumwita Yesu mwana wa Mungu. Paulo amwita kyrios, tena amwita soter, mwokozi. Kurudi kwake kwaitwa parousia, na waamini wanaomwendea wakamlaki wafanya apantesis. Hata mkutano wao una jina la siasa: ekklesia lilikuwa jina la mkutano wa raia wa mji waliokusanyika kukata mashauri yao. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba Kiyunani cha Agano Jipya ni lugha ya pekee ya dini. Mjerumani Adolf Deissmann, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1908, alionyesha kutokana na maandishi ya mawe na ya mafunjo kwamba ndiyo lugha iliyosemwa kila siku na watu wa kawaida, na kwamba sifa za Kristo na sifa za Kaisari zilikwenda sambamba.

Hapa ndipo pahitajipo hadhari. Kufanana kwa maneno si hoja inayotosha. Maneno hayo hayo yalikuwa na chimbuko la pili. Tafsiri ya Kiyunani ya maandiko ya Wayahudi, iitwayo Septuaginta, iliyoanza kufanywa katika karne ya 3 K.K., iliweka kyrios mahali pa jina la Mungu lisilotamkwa. Na kitenzi cha kuhubiri habari njema kimo katika kitabu cha Isaya, ambamo watangaziwa watu waliohamishwa kwamba Mungu wao atawala. Paulo, Myahudi aliyelelewa katika maandiko hayo, hakuhitaji kuazima jina la Bwana kwa Nero. Mwaka 2011 John Barclay alitoa hoja yenye uzito: kwamba katika mawazo ya Paulo adui wa kweli ni dhambi na mauti, na dola ya Rumi ni chombo tu katika vita hivyo, chombo kisichostahili hata kutajwa kwa jina.

Hoja hiyo yakata mzizi wa mengi yaliyoandikwa kwa haraka, lakini haimalizi jambo. Maana ya neno haimo katika chimbuko lake peke yake, bali pia katika masikio ya walisikiao. Mji wa Filipi ulikuwa koloni la Rumi. Askari wastaafu walipewa mashamba huko, nao walihesabiwa kuwa raia wa Rumi ingawa walikaa Makedonia. Paulo alipowaandikia watu wa mji huo kwamba politeuma yao, yaani jumuiya ambayo wao ni raia wake, iko mbinguni, na kwamba kutoka huko wamngojea mwokozi, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa mfano huo. Huko Thesalonike, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, wahubiri walishtakiwa kwamba wavunja amri za Kaisari kwa kusema yuko mfalme mwingine. Yawezekana kwamba washtaki waliwaonea wahubiri. Hawakukosea kwamba maneno yao yalikuwa ya ufalme.

Nayo kifo cha Yesu chenyewe kilikuwa cha kisiasa. Pontio Pilato, ambaye jina lake na cheo chake vilionekana katika jiwe lililovumbuliwa Kaisaria mwaka 1961, alitawala Uyahudi mwaka 26 hadi 36. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na ya waasi: baada ya kushindwa uasi wa Spartacus mwaka 71 K.K. watu wapatao 6,000 walitundikwa kando ya njia itokayo Capua kwenda Rumi. Shtaka lililobandikwa juu ya msalaba wa Yesu lilikuwa cheo, mfalme wa Wayahudi, na Injili ya Yohana yasema kwamba liliandikwa kwa lugha tatu. Dini iliyomwita Bwana mtu aliyeuawa hivyo kwa amri ya Rumi haikuweza kuwa haina neno na Rumi, hata kama haikutafuta ugomvi.

Basi mbona Paulo aliagiza utii? Yafaa kuutazama mpaka anaouweka. Aorodhesha yanayostahili kutolewa: kodi, ushuru, hofu, heshima. Hakutaja ibada. Zaidi ya hayo, amweleza mtawala kuwa mtumishi wa Mungu. Neno hilo, kwa mtu wa leo, laonekana kuwa la kumkweza mtawala, lakini mbele ya mji uliomchonga Kaisari kuwa mungu lilikuwa la kumshusha. Mgawanyo huo huo wamo katika kisa cha dinari. Dinari za Tiberio zilikuwa na sura yake na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Yesu aliamuru sarafu irudishwe kwa mwenyewe. Maandishi yaliyo juu yake hakuyathibitisha.

Yohana wa Patmo, aliyeandika Ufunuo, kwa kauli ya wataalamu wengi, mwishoni mwa utawala wa Domitianus aliyekufa mwaka 96, alitumia sauti kali zaidi, lakini mpaka wake ni ule ule. Kosa la mnyama anayemwelezea ni kutaka kusujudiwa. Hata hivyo Yohana aongeza jambo ambalo Paulo hakulitaja, nalo ni biashara. Katika sura ya 18 aorodhesha bidhaa zilizopelekwa Rumi kwa meli, kuanzia dhahabu na fedha, kupitia pembe za ndovu, mdalasini, divai na ngano, mpaka kufikia miili na roho za wanadamu. Orodha hiyo yaanza kwa madini na kuishia kwa watumwa, na mpangilio wake peke yake ni hukumu.

Mahali ambapo matumizi mawili ya neno moja hukutana uso kwa uso ni mahakamani, na huko ndiko ushahidi ulio imara zaidi upatikanako. Yapata mwaka 112 Plinius, mtawala wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Traianus akieleza jinsi alivyowajaribu walioshtakiwa kuwa Wakristo. Aliwataka waiombe miungu, watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaisari, kisha wamlaani Kristo. Maana alikuwa amesikia kwamba Wakristo wa kweli hawawezi kulazimishwa kufanya hata moja la hayo. Hakuwashtaki kwa silaha wala kwa kodi. Jaribio lilikuwa la ibada na la neno. Miongoni mwa aliowatesa ili apate ukweli walikuwamo wanawake wawili watumwa, waliokuwa na cheo cha utumishi katika mkutano wao. Huko Smirna, katikati ya karne ya 2, mzee Polikarpo aliulizwa na maofisa waliomkamata kuna ubaya gani kusema kwamba Kaisari ni bwana. Kwao yalikuwa maneno mepesi. Kwake yalikuwa imani yote.

Ushahidi ulio mfupi na wazi kupita yote watoka Afrika. Tarehe 17 Julai 180, huko Kartago, katika Tunisia ya leo, Wakristo 12 kutoka mahali paitwapo Scillium, wanaume saba na wanawake watano, walisimama mbele ya mtawala Saturninus. Kumbukumbu ya shauri lao ndiyo maandishi ya Kikristo ya kwanza ya Kilatini yenye tarehe. Mtawala aliwataka waape kwa roho ya bahati ya Kaisari. Msemaji wao, Speratus, alijibu kwamba yeye hautambui ufalme wa dunia hii. Lakini papo hapo akaongeza kwamba hakuiba kitu, na kwamba kila anunuapo kitu hulipa ushuru wake. Mwanamke mmoja, Donata, aligawanya jambo hilo kwa usahihi wa mwanasheria: heshima kwa Kaisari kwa kuwa ni Kaisari, bali hofu kwa Mungu. Walipewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, wakauawa kwa upanga. Speratus alipoulizwa kilichomo katika sanduku lao, alisema ni vitabu na nyaraka za Paulo. Hao walikuwa wasomaji wa Paulo yule yule aliyeagiza utii, na hawakuona kwamba utii huo uliwataka waape.

Katika Kartago iyo hiyo, yapata mwaka 197, Tertullianus aliieleza kanuni hiyo kama mtu wa sarufi. Alisema kwamba yu tayari kumwita Kaisari dominus, bwana, kwa maana ya kawaida ya neno, mradi asilazimishwe kumwita hivyo badala ya Mungu. Yaani neno moja lina maana mbili, na Mkristo ataitoa moja na kuizuia nyingine. Ni shida kupata maelezo bora kuliko hayo juu ya ukinzani wa Wakristo wa kwanza. Haukuipindua dola, wala haukuwafungua watumwa. Ila uliinyima dola kitu ambacho ilikitaka kuliko fedha, yaani haki ya kuwa neno la mwisho.

Ukinzani wa majina, hata hivyo, una udhaifu wake. Majina yaliyokataliwa mtawala mpagani yaweza kurudishwa kwa mtawala aliyebatizwa. Mwaka 336 Eusebio wa Kaisaria, akihutubia katika sherehe za miaka 30 ya utawala wa Konstantino, alimwonyesha Kaisari kuwa mfano wa mfalme wa mbinguni, na ufalme wa chini kuwa kivuli cha ule wa juu. Tarehe 27 Februari 380 Theodosius alitoa amri iliyowataka raia wote wa dola kuishika imani ya Utatu kama ilivyofundishwa Rumi na Aleksandria, na wasioishika akawaita wazushi. Amri hiyo ilitolewa Thesalonike, mji ule ule ambao wahubiri walishtakiwa ndani yake kwa kumtaja mfalme mwingine. Maneno hayakubadilika, mikono iliyoyashika ndiyo iliyobadilika.

Maneno haya yalifika katika Kiswahili katika karne ya 19, kwa kazi ya Krapf huko Mombasa tangu 1844 na ya Steere huko Unguja, na katika karne ya 20 yakatulia katika tafsiri ya Union Version iliyotolewa nzima mwaka 1952. Atakayeichunguza tafsiri hiyo ataona mgawanyiko wa ajabu. Maneno ya utawala wa Rumi yaliwekewa maneno hai ya utawala ambao wasomaji waliujua. Pilato ni liwali, cheo cha Sultani wa Unguja kilichoendelea kutumiwa na Wajerumani na Waingereza. Kamanda wa askari mia ni akida, na kwa mzee wa pwani ya kusini mwaka 1952 akida alikuwa mtu wa kukumbukwa, mkusanyaji wa kodi wa Wajerumani, aliyechukiwa hata vita vya Majimaji vikalipuka mwaka 1905. Adaiwacho mtu na Kaisari ni kodi, neno lile lile lililotumika kwa kodi ya nyumba iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898. Kwa hiyo upande wa dola ulisikika kwa Kiswahili waziwazi, pengine kuliko katika lugha za Ulaya.

Upande wa pili haukusikika hivyo. Euangelion likawa Injili, neno lililopitia Kiarabu, ambalo kwa Mswahili ni jina la kitabu wala halina habari ndani yake. Ekklesia likawa kanisa, neno la Kiarabu lenye asili ya Kiaramu, ambalo humfikirisha msikilizaji nyumba ya ibada kabla hajafikiri watu. Katika sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, mkutano halali wa raia wa Efeso ni ekklesia kwa Kiyunani, lakini tafsiri yasema kusanyiko, kwa kuwa kanisa halikuwezekana hapo. Politeuma likawa wenyeji, neno zuri, ambalo lataja makazi na kuacha uraia. Matokeo yake ni kwamba msomaji husikia madai ya Kaisari kwa lugha ya baraza, na madai ya Kristo kwa lugha ya ibada. Na mtu aliyeambiwa awatii liwali na akida hakupewa maneno ya kujua kwamba ile Injili nayo ni tangazo la utawala. Si lazima kudhani kwamba watafsiri walikusudia hivyo, maana maneno hayo waliyakuta yakitumika. Lakini katika miaka ya ukoloni mgawanyo huo haukuwa na madhara sawa kwa pande zote.

Yako maneno yaliyookoka. Mfalme hutumika kwa Mungu na kwa mtawala, kama Kiyunani kilivyotumia basileus. Kulaki lahifadhi desturi yote ya watu kutoka kwenda kumpokea mgeni njiani, jambo ambalo tafsiri nyingi za Ulaya zimelipoteza. Na Bwana ndilo lililookoka kuliko yote, kwa kuwa lilitamkwa kila siku kwa mume, kwa mwenye mtumwa, kwa tajiri wa kazi na kwa mtawala mgeni, kisha likatamkwa katika sala. Mtu aliyesema Bwana asubuhi kanisani na bwana adhuhuri shambani alikuwa amesimama mahali pale pale pa Tertullianus, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, imeirudisha habari katika Injili, na Pilato imemwita mkuu wa mkoa, cheo cha serikali huru. Badiliko hilo laonyesha kwamba kila kizazi chamtafuta Kaisari wake katika maneno ya siku zake, na si kosa. Linalohitajika ni kwamba mizani iwe sawa: kamusi na ufafanuzi wa maandiko, zinapomweleza msomaji kwamba liwali ni mtawala, zimweleze pia kwamba kanisa lilikuwa mkutano wa raia, na kwamba Injili ilikuwa habari ya kutawazwa. Akiisha kuyajua hayo mawili, atausoma mwenyewe waraka kwa Warumi, na kitabu cha Ufunuo, na kumbukumbu ya watu 12 wa Scillium, naye ataona kwamba havigombani. Vyote vitatu vyauliza ni kipi kimpasacho Kaisari, na vyote vitatu vyajibu kwamba kipo, lakini kina mwisho.